Kisima cha Nne

Saa nane usiku, Szeged. Mto Tisza umeganda kingoni
na mimi nimemtoa Benedek damu, mililita ishirini,
mkono wa kushoto, maana wa kulia anapigia fidla.
Amelala kitini, mdomo wazi, pamba kiwikoni,
theluji ya viatu vyake inachuruzika sakafuni.

Chembe zake nyeupe ninazo mimi.
Mashine imezizungusha hadi zikajitenga,
utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa.
Askari hawa hawana ujana wala uzee, wana zamu tu.
Huzaliwa mfupani wakiwa wamekwisha kuvaa,
na kabla jua halijatua mara ya pili, wamekuwa usaha.

Visima vinne kwenye kisahani cha plastiki,
kila kimoja hakijazi ukucha.

Cha kwanza, maji ya chumvi. Wamekaa. Wanangoja.

Cha pili nimedondosha vipande vya ukuta wa bakteria
waliokufa wiki iliyopita, wakachemshwa, wakasagwa.
Hakuna kilicho hai mle.
Lakini tazama hadubinini: askari wanavimba,
wananyoosha miguu ambayo dakika tano zilizopita hawakuwa nayo,
wanatema moto juu ya vigae vya nyumba isiyo na mtu.
Mfa maji hutapatapa, husemwa.
Huyu hutapatapa akishakufa.

Mama yuko ghorofa ya tatu, jengo la pili kutoka hapa.
Etelka, miaka sabini na mmoja, figo la kushoto.
Jumanne jioni walimtundikia chupa ya kwanza ya dawa
na baada ya saa mbili akaanza kutetemeka,
meno yakigongana kama vijiko ndani ya droo,
homa ikapanda badala ya kushuka.
Daktari Kelemen akasema, ni dalili njema, dawa inaua.
Nilijua. Nilijua kwa jina na kwa kipimo
kila kigae kilichokuwa kikimwagika katika damu yake,
kuta zikipasuka maelfu kwa maelfu,
na askari wake wazee wakiitikia kila kishindo.
Nilijua, na nikamshika mguu kupitia blanketi,
kwa sababu kujua hakushushi homa.

Cha tatu, dawa peke yake.
Si ile ya mama; nyingine, ya vidonge vya waridi.
Hii tuliifundisha kuua bakteria,
sasa nani aliifundisha kunong'ona na askari?
Hakuna adui kisimani, na bado wamepunguza mwendo,
wamekunja miguu, kama watu walioambiwa
"hebu kaeni kwanza" na mtu wasiyemwona.
Kwa mapafu yaliyochoka na vita, huo ni wema.
Kwa mgonjwa ambaye vita ndiyo kwanza inaanza,
sijui. Andika hivyo, Piroska: sijui.

Cha nne ni vyote viwili, vigae na mnong'ono,
na ndicho nilichokaa usiku kucha kwa ajili yake.
Saa kumi kasorobo nikahesabu mia na kumi na wawili walioamka.
Nikahesabu tena: themanini na tisa.
Mara ya tatu jicho likaanza kutoa machozi,
na askari wenyewe wakaanza kufa,
si kwa dawa, si kwa sumu,
kwa saa tu. Zamu imekwisha.

Nimeandika themanini na tisa. Nimeikata.
Nimeandika mia na kumi na wawili, na alama ya kuuliza
kubwa kuliko namba yenyewe.

Benedek ameamka, anakunjua vidole vya mkono wa kulia
kimoja kimoja, kana kwamba anavihesabu.
"Walipigana?" ananiuliza.
Namwambia, baadhi.
Anatazama pamba yake, doa la kahawia limekauka,
anasema basi chukua wa kushoto tena kesho.

Simu inatikisika mezani. Ghorofa ya tatu.
Muuguzi wa zamu: thelathini na saba nukta nane,
ameomba chai, amelalamika kuwa haina sukari.
Nasimama. Nasahau kuzima taa ya hadubini.
Kisahani kimebaki chini yake, kinang'aa,
visima vinne, vyote sasa vimetulia sawasawa.